Matumizi ya Nyumbani na Mchango wa Chama

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa humu kwa agizo la Kamati



Nimeagizwa na Kamati niseme machache juu ya matumizi ya fedha nyumbani, nami nashukuru kwa heshima hiyo, ijapokuwa najua ya kuwa wengi waliomo humu walikuwa wakiendesha nyumba zao kabla mimi sijazaliwa. Nisingalithubutu kusimama mbele yenu kusema habari za unga na makaa, lau si lile jambo la tano katika ajenda yetu, yaani shauri la kufuta katika daftari majina ya wanachama ambao hawakulipa mchango kwa muda wa miezi sita. Mwanachama akifutwa leo na kufiwa kesho hatapata gari, wala sanduku, wala mkono wa Chama. Vyama vya namna hii vilianzishwa mijini tangu enzi ya ukoloni kwa sababu ya mtu anayefariki mbali na kwao, asije akazikwa kama asiye na watu. Kwa hiyo kumfuta mtu si jambo dogo, na kabla halijapigiwa kura naomba mnivumilie.

Mimi ndiye nishikaye daftari la mchango. Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa, na jambo nililoliona ni hili: walio nyuma katika kulipa wengi wao hawana desturi ya kutolipa. Mtu hulipa shilingi zake 200 bila kukosa tangu Agosti hata Desemba, kisha Januari hukatika. Machi hujaribu tena, analipa ya miezi miwili kwa pamoja, halafu Mei hukatika, na hurudi mara mavuno mapya yanapoingia sokoni. Mtu anayekidharau Chama hadharau kwa majira. Januari ni mwezi wa sare na madaftari na karo, na Mei, Juni na Julai ndiyo miezi ambayo unga kwa kawaida huwa ghali. Mimi naona kwamba daftari hili latuonyesha habari za jikoni kuliko habari za tabia.

Basi twende jikoni.

Jambo la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni kununua kidogo kidogo. Mtu mwenye mshahara mdogo hununua mafuta ya kupikia kwa kipimo, sukari kwa kijikaratasi, makaa kwa kopo, na unga kwa nusu kilo. Hafanyi hivyo kwa ujinga. Afanya hivyo kwa kuwa mfukoni ana shilingi hamsini na watoto wamekaa wakingoja. Lakini hapana budi tujue gharama yake. Chukueni chupa tupu ya lita moja, iliyooshwa na kukauka, na kila mnunuapo kipimo cha mafuta dukani kimimineni humo kwanza, mkihesabu, mpaka chupa ijae. Tuseme kipimo ni shilingi 30, na vipimo 14 ndivyo vilivyoijaza chupa. Mmelipa shilingi 420. Tuseme dukani humo humo lita moja nzima yauzwa shilingi 300. Shilingi 120 zimekwenda kwa kila lita, na nyumba inayotumia lita mbili kwa mwezi imekwisha toa shilingi 240, nazo zazidi mchango wetu. Hesabu yenyewe itabadilika kwa bei ya kila mtaa, na ndiyo sababu nasema kila mtu aipime kwa chupa yake mwenyewe asinitegemee mimi.

Simlaumu mwenye duka. Naye hununua, hupima, humwaga kidogo, tena hukopesha, na wapo wasiomlipa. Faida yake ni halali. Ninachosema ni kwamba yule maskini zaidi ndiye anunuaye kwa bei ya juu zaidi, na hatatoka humo kwa kuambiwa tu anunue kwa wingi, maana fedha za kununulia kwa wingi ndizo asizokuwa nazo. Njia moja iliyo rahisi ni kuanza na kitu kimoja peke yake. Mwezi huu ajinyime kitu fulani anunue lita nzima ya mafuta. Kile alichookoa kwenye mafuta kiwekwe kando, na mwezi wa pili au wa tatu kinunue sukari ya kilo mbili. Akina mama wawili au watatu wa ploti moja pia waweza kununua pamoja na kugawana kwa kipimo kile kile, mradi wagawane mbele ya macho ya wote. Nimesikia ya kwamba baadhi ya mama zetu wamekwisha anza jambo hili, nao ndio wangefaa kuhutubu hapa badala yangu.

Sasa nije kwenye mahindi, na hapa nitakaa kidogo.

Kwa kadiri ya robo kilo kwa kila mtu kwa siku, jamaa ya watu sita watalila gunia la kilo 90 kwa siku 60. Gunia hilo ni kama gorogoro arobaini. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa kuanzia Oktoba, na yakisha kukauka huuzwa kwa wingi mpaka Januari, wakati ambao mkulima anahitaji fedha na bei imeshuka. Mwezi Mei na kuendelea mahindi huwa yamepungua ghalani na bei hupanda. Iko miaka ambayo mahindi ya Tanzania au ya Uganda huingia na kuishusha, kwa hiyo siwezi kuwaahidi ninyi faida ya kila mwaka. Hata hivyo, anayenunua gunia Januari na kulipeleka mashineni kusaga kwa kadiri ya mahitaji yake mara nyingi hula Juni kwa bei ya Januari. Tena unga wa posho usiokobolewa una kiini na pumba za mahindi, na chakula hukaa tumboni. Ila unga huo hauwekeki siku nyingi kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika kiini, kwa hiyo yafaa kusaga wa wiki mbili tu kila mara.

Lakini nasema kwa nguvu: mahindi mabichi ni hatari. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu wa mahindi iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao walifariki. Mahindi yale yaliwekwa kabla hayajakauka. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, wala haionekani kila mara kwa macho. Asiye na chombo cha kupimia maji ya nafaka aweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kadiri ya theluthi ya chupa, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, uiache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji yanayozidi asilimia 15, nayo hayafai kuwekwa. Chumvi isiposhika, bado ni vema kuyaanika juu ya turubali siku moja au mbili zaidi, kwa maana kiwango kinachotakiwa kwa kuweka ni asilimia 13.5. Gunia lisiwekwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani, bali juu ya mbao. Na kwa fukusi na dumuzi, siku hizi iko mifuko ya plastiki ya tabaka mbili au tatu isiyopitisha hewa. Mdudu aliyefungiwa humo hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa yoyote kumwagwa juu ya chakula cha watoto. Mfuko mmoja ukitunzwa usitobolewe hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Juu ya makaa nitasema kwa ufupi, kwa sababu jambo lajulikana. Jiko la bati lenye udongo ndani, liitwalo jiko la Kenya, lilianza kutumiwa hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, nalo laweza kupunguza makaa kwa theluthi moja au hata nusu likilinganishwa na jiko la bati tupu. Walionunua jiko hilo kabla ya Februari 2018 hawakuumia sana wakati Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu na bei ya makaa ikaruka. Maharagwe yalale majini usiku kucha. Sufuria ifunikwe. Na kiko kitu ambacho wazee wachache wamekisahau na vijana hawakukijua, nacho ni kikapu cha joto: kikapu cha kawaida kilichojazwa ndani nguo kuukuu, manyoya au majani makavu. Githeri ikitokota vizuri jikoni kwa muda wa nusu saa au zaidi, sufuria hutiwa humo ingali inachemka, ikafunikwa kwa mto, nayo huendelea kuiva saa nne au tano bila makaa hata kipande. Kabla ya kula irudishwe motoni ichemke tena. Wala kusibaki jiko la makaa lenye moto ndani ya chumba kilichofungwa usiku kwa ajili ya kuota, kwa kuwa hewa yake huua watu wakiwa usingizini; Chama hiki hakikuanzishwa ili kizike watu kwa sababu hiyo.

Mboga katika gunia la udongo mlangoni, nauli inayopanda mvua ikinyesha, taa inayowaka mchana, haya kila mmoja ayaona mwenyewe na sitawachosha.

Nije kwenye mikopo ya simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na hakuna aliyemo humu asiyeishukuru, kwa maana mzazi aliyeko mashambani hupata fedha siku ile ile. Lakini baada yake ikaja mikopo. M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na tangu hapo mikopo ya namna hiyo imezaa watoto wengi, wengine wakiwa ghali kuliko mama yao. Asilimia 7.5 yaonekana ndogo. Mtu akopa shilingi 1,000, arudisha 1,075, na shida yake imepita. Kwa nini alalamike? Shida ni kwamba mwezi unaofuata zile 1,075 zimempungua katika mshahara, basi akopa tena ile elfu ili mwezi ukamilike. Akifanya hivyo mara kumi na mbili, mwisho wa mwaka amelipa shilingi 900 kwa kuazimwa elfu moja ile ile, na elfu yenyewe bado anadaiwa. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, vingi vyao, hutoza asilimia moja kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Hata kama mtu angekaa na elfu nzima mwaka mzima pasipo kupunguza, riba isingalizidi shilingi 120. Tofauti ya 900 na 120 ni 780, nayo ni karibu mchango wa miezi minne wa Chama hiki.

Najua jibu litakalotolewa. Mtaniambia kwamba chama cha ushirika hakikopeshi saa tano za usiku mtoto akiwa na homa, na simu hukopesha. Ni kweli kabisa. Kwa ajili hiyo nasema kila nyumba iwe na akiba ndogo ya homa, hata shilingi 500 tu, iliyowekwa mahali ambapo haiguswi kwa harusi wala kwa sherehe. Kadhalika kila mtu ajiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya ule mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Mchango wake ni asilimia 2.75 ya mapato, wala haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Wapo wanaonung'unika juu ya mpango huo, na manung'uniko mengine yana haki. Lakini nimeona katika daftari letu kwamba mwanachama mwenye mgonjwa wa kulazwa ndiye akatikaye kabisa asirudi.

Sasa naingia mahali penye miiba, na naomba radhi ya wazee kabla sijaingia.

Mume na mke wasiojua mshahara wa nyumba hawawezi kuweka akiba. Katika mitaa yetu mama wengi hupewa fedha za siku asubuhi, kama kibarua apewavyo posho, na hawajui ya kesho. Mtu wa namna hiyo hatanunua lita wala gunia, kwa kuwa hana uhakika na Jumanne. Tena baba naye hajui bei ya nyanya, na hudhani fedha zapotea. Sisemi kila mtu amkabidhi mkewe mshahara wote; kila nyumba ina utaratibu wake, na wengine mna sababu zenu. Nasema siku ya mshahara wakae wawili, waandike katika daftari la shule la bei ndogo: kodi, nauli, chakula, karo, mchango, akiba. Kitakachobaki, kama kikibaki, ndipo baba achukue chake. Karo iandikwe kila mwezi tangu Februari. Masomo ya msingi katika shule za Serikali hayatozi karo tangu Januari 2003, lakini sare na viatu havikupata kuwa bure, na Januari huja kila mwaka tarehe moja bila kumshitukiza mtu.

Jambo la pili lenye miiba ni mazishi yenyewe. Chama chatoa fedha kwa mfiwa, na mimi ndiye niandikaye zilivyotumika. Sehemu ya gari haiepukiki, njia ni ndefu. Lakini maiti ikikaa chumba cha maiti wiki mbili au tatu, kila siku ina malipo yake, na kila jioni nyumbani kwa mfiwa watu hukutana, hunywa chai na kula mkate, wakichanga ili kulipia siku zilizoongezwa na mikutano ile ile. Wazee waliopo watakumbuka kwamba kabla vyumba hivyo havijaenea mashambani, marehemu alizikwa siku ya pili au ya tatu, na ndugu zetu Waislamu mpaka leo huzika upesi, wala hakuna asemaye kwamba hawawaheshimu wafu wao. Siku nyingi ni desturi tuliyoipata mjini. Hatukuachiwa na babu zetu. Mwaka huu mjane mmoja, ambaye simtaji, alirudi mjini baada ya mazishi yenye hema tatu, akakuta kodi ya miezi miwili inamngoja na hapana hata mmoja wa wale waliokula aliyeuliza habari ya nyumba. Ningeomba Kamati ifikirie kwamba Chama kiendelee kutoa kiasi kile kile, lakini sehemu moja ya fedha hizo ishikwe na Mweka Hazina, imfikie mfiwa mwezi mmoja baada ya maziko, mkononi mwake.

Bwana Mwenyekiti, naona saa imesonga. Kuhusu jambo la tano, naomba mkutano huu uahirishe kuwafuta wanachama walio nyuma mpaka mwisho wa Julai, na badala yake Chama kijaribu shauri hili: katika fedha zilizoko benki kitenge kiasi cha kununulia mahindi makavu mwezi wa Januari, watu wawili wa Kamati waende Kitale, wapime kwa chumvi na kwa mizani, na kila mwanachama atakayetaka apewe gunia lake kwa bei ya ununuzi pamoja na sehemu yake ya gari na mifuko, alipe kwa miezi sita kuanzia Januari. Walio nyuma wasizuiwe, kwa sababu hao ndio tunaotaka tuwaone Mei. Atakayeshindwa kulipa gunia, hilo litahesabiwa katika deni lake, na Julai tutakuwa na ukurasa ulio wazi zaidi wa kuamulia. Fedha zikipotea, zitakuwa zimepotea katika chakula cha watu wetu, na kiasi chenyewe Mweka Hazina ataueleza mkutano kama kinaweza kubebwa.

Daftari la kuandikisha magunia liko juu ya meza ya Mweka Hazina karibu na mlango, pamoja na kalamu. Anayetaka nusu gunia aandike nusu, nasi tutamtafutia mwenzake wa kugawana naye. Majina yatapokelewa mpaka Jumapili ya pili ya Desemba.